Kikombe cha Mafuta cha Asubuhi

Kidonda cha habaryar Bishara kilianza na kokoto. Iliingia kwenye kiatu chake cha plastiki tukiwa sokoni, naye akatembea nayo mpaka nyumbani, mtaa wa Galbet mjini Garissa, bila kujua. Mimi niliiona jioni alipokuwa anatawadha. Ilikuwa imezama chini ya kidole gumba, damu imeshaganda pembeni, na yeye anamwaga maji juu yake kama vile mguu ule si wake.

"Habaryar, huumwi?"

"Naumwa wapi?"

Nikaitoa kwa ukucha nikamwonyesha. Akaitazama, akacheka. "Hii? Idil, mimi nimekanyaga miiba tangu kabla shule yako haijajengwa."

Lakini nilijua kwamba mtu aliyekanyaga miiba maisha yake yote huusikia mwiba.

Habaryar ndivyo tunavyomwita dada wa mama, na Bishara ndiye aliyenilea. Alikuwa mtu wa upande wa Modogashe, mtu wa ngamia. Kiangazi kile kikubwa cha mwanzoni mwa miaka ya tisini kilipomaliza wanyama, alinishika mkono tukaja Garissa juu ya lori, yeye akiwa mwembamba kama fimbo ya kuchungia. Huko porini chakula chake kilikuwa maziwa, na nyama ikipatikana, na nafaka kidogo. Na alitembea. Kambi ikihama, ngamia wa mizigo hubeba miti ya nyumba, mikeka, sufuria, watoto wachanga na wazee wasioweza kusimama tena. Wengine wote ni miguu. Bishara alijivunia kwamba hata alipokuwa na homa hakuwahi kupandishwa.

Galbet aliweka jiko mlangoni akaanza kukaanga sambusa. Alikaa kwenye kigoda tangu baada ya adhuhuri mpaka wateja waishe. Mafuta tuliyanunua sokoni, yale ya msaada yanayotoka kambi ya wakimbizi ya Dadaab kwenye makopo. Alikaangia yaleyale leo na kesho, mpaka yakawa meusi na mazito, yakianza kutoa povu, ndipo akayaongezea mapya juu. Sambusa ya kwanza alikula yeye ili aonje chumvi. Za mwisho zilizovunjika alikula yeye pia, maana hazinunuliwi. Usiku wali au pasta. Chai wakati wote.

Mwili ukaja. Wanawake wakapita wakisema, "Mashallah, Bishara, Garissa imekupenda!" Kwetu mwanamke mnene ni mwanamke ambaye nyumba yake imetulia, kwa hiyo hakuna aliyeona ugonjwa hapo. Hata kiu ilipoanza, akawa anamaliza maji ya mtungi kabla sijarudi kisimani, alisema ni joto. Na Garissa joto lipo, nani atabisha?

Kokoto ile ndiyo iliyotupeleka kwa daktari, kwa sababu tundu iliyoacha haikufunga. Ilikaa mbichi, ikapanuka, ikaanza kunuka. Daktari alikuwa mtu wa Kitui, mpole, sauti yake ya chini. Alimpima damu, akamchoma nyayo kwa sindano huku habaryar ameangalia dirishani.

"Mama, nimekuchoma mara ngapi?"

"Bado hujaanza," habaryar akasema.

Daktari akaweka sindano chini. Akatueleza kwamba ni ugonjwa wa sukari, kwamba umekaa naye muda mrefu na umeua hisia za miguu. Akampa vidonge. Kisha akasema lile lililonikaa kifuani muda wote uliofuata.

"Kidonda hiki nataka kikauke kabla ya Ramadhani. Kikizidi kupanda, nitakuandikia Nairobi, na huko watakata."

"Watakata kidole?"

"Kidole, kama una bahati." Akagusa mguu wake mwenyewe chini ya goti. "Au hapa."

Habaryar akanyoosha shingo. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini alikitumia chote. "Daktari, mimi sukari naacha saa hii. Nabiga duaa, naacha. Kwisha."

Na aliacha, nilimwona. Alitoa mfuko wa sukari ndani akampa Arbia, jirani yetu wa ukuta mmoja, kisha akanywa chai chungu huku amefumba macho. Nilimwosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, nikamfunga kitambaa safi kama nilivyoonyeshwa. Vidonge alimeza. Kigoda alinipa mimi, nikakaanga mimi, yeye akakaa mkekani mguu umeinuliwa.

Kidonda hakikukauka. Tuliporudi kwa daktari sukari ilikuwa ileile. Akamwangalia habaryar, akaniangalia mimi. "Kuna kitu bado anakula."

"Hakuna," nikasema, na niliamini.

Wakati huohuo abti Sugow, kaka yake habaryar, alikuja mjini kuuza mbuzi. Yeye alikuwa amebaki Modogashe na ngamia wake walikuwa wameanza kuongezeka. Alikaa mlangoni, akanywa chai, akautazama mguu wa dada yake kwa muda.

"Walaal, dada yangu, mvua ikinyesha nitakuja kukuchukua," akasema. "Nyumba yako ipo. Maziwa yapo."

Sijapata kuona uso wa habaryar ukifunguka vile. "Wallahi?"

"Wallahi. Na usiogope kuhusu huo mguu. Nina ngamia mmoja mpole sana, jike lililozeeka. Tutakutandikia mikeka juu."

Uso ukafunga. "Mimi? Juu ya ngamia?"

"Sasa nani akubebe, mimi?"

"Kati ya sufuria, Sugow? Pamoja na vitoto vinavyokojoa?"

"Wakikata mguu, utaruka kama korongo?" Alisema kwa mzaha, lakini hakuna aliyecheka. Akamaliza chai yake akaaga.

Tangu siku ile nikaanza kuangalia. Mimi shule niliishia la saba, lakini kuangalia sihitaji kufundishwa. Nimechunga mbuzi wadogo, na mbuzi anayeharisha hakuambii amekula nini. Unamfuata.

Kitu cha kwanza nilichoona ni kopo. Nilikuwa nimefungua kopo jipya la mafuta, nikaliacha juu ya sanduku, na ile siku hatukukaanga kwa sababu unga wa ngano ulikwisha. Asubuhi yake mafuta yalikuwa yamepungua. Siku iliyofuata yamepungua tena. Nikadhani Arbia anachota. Baada ya sala ya alfajiri nilijilaza tena, uso ukutani, nikafunika kichwa kwa shuka na kuacha nafasi ya jicho.

Habaryar aliinuka kwa kuegemea mguu mzima. Akachukua kikombe cha bati, kile kikubwa cha chai, akakijaza mafuta kutoka kwenye kopo. Akasema bismillahi. Akayanywa yote bila kupumua, akafuta mdomo kwa upindo wa nguo. Kisha akachukua fimbo yake akachechemea kwa Arbia.

Nikamfuata. Nilimkuta ameketi kwenye gunia na glasi ya chai mkononi, chai ya maziwa, na chini ya glasi sukari imekaa kama mchanga ambao haujayeyuka.

"Habaryar!"

Arbia ndiye aliyeruka. "Ai! Msichana huyu anatembea kama paka!"

"Umemwekea sukari, eddo?" nikamwuliza Arbia, maana nilimwita shangazi kwa heshima.

"Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo cha chai! Chai bila sukari ni maji ya kuoshea vyombo. Na mgonjwa wako anakuja hapa kila asubuhi tumbo limemgeuka anataka kutapika. Nimpe nini, mchanga?"

Habaryar hakuona haya hata kidogo. "Sukari nimeacha nyumbani kwangu," akasema. "Hii ni dawa. Ukinywa mafuta lazima unywe kitu kitamu, la sivyo yanarudi. Kila mtu anajua."

Ni kweli kila mtu anajua, kwetu. Porini mtu akiwa mgonjwa, au akiwa ameishiwa nguvu, huyeyushiwa mafuta ya mkia wa kondoo akayanywa asubuhi tumbo tupu. Yanaendesha tumbo, yanasafisha, halafu mtu anainuka. Ayeeyo, bibi yangu, aliyanywa. Na mgonjwa wa kwetu hapunguziwi chakula, huongezewa. Daktari alikuwa amemwondolea sukari, kwa hiyo habaryar alitafuta nguvu mahali alipofundishwa kuitafuta. Kondoo hakuwa naye. Kopo alikuwa nalo. Mafuta ni mafuta.

"Ayeeyo yako alikunywa haya," aliniambia tuliporudi, "na alikufa na meno yake yote."

"Alikunywa halafu akaenda wapi?"

"Akaenda kwa ngamia, aende wapi?"

"Akarudi saa ngapi?"

Akanitazama kwa jicho moja. "Jua likizama."

"Na wewe ukinywa unaenda wapi?"

"Kwa Arbia," akasema, na mdomo ukamchezacheza. Lakini alikuwa mkaidi. "Si kosa langu kidonda kinanikalisha."

Sikubishana tena. Nikafungua kitambaa nikaosha kidonda, taratibu, nikamwacha naye akione. Baadaye nikamwuliza, kama vile naulizia habari za zamani tu: "Ayeeyo alikuwa anakunywa kila siku?"

"Kila siku? Wewe una wazimu? Nani alikuwa na mikia ya kondoo ya kila siku? Mvua inyeshe kwanza, kondoo anenepe, kuwe na mgeni au mgonjwa wa kumchinjia. Mara moja kwa msimu. Kuna mwaka hatukuona hata..." Hapo akakatiza. Akageuza kichwa akatazama kopo juu ya sanduku.

"Hili haliishi," akasema polepole. "Likiisha unanunua jingine."

Kwa daktari alienda kulisema mwenyewe. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma kwa kiwiko. Daktari alisikiliza kikombe kizima, na mkia wa kondoo, na chai ya Arbia, bila kukunja uso.

"Ndiyo yameleta huu ugonjwa?" habaryar akauliza. "Haya mafuta?"

"Mama, nikikwambia ndiyo peke yake nitakudanganya. Mafuta haya ya mbegu bado wasomi wanabishana juu yake. Wengine wanasema yanaumiza mwili yakizidi, wengine wanasema hayana neno. Lakini wewe ulitoka kwenye maziwa na miguu, ukaingia kwenye unga mweupe, sukari, mafuta na kigoda, vyote pamoja. Kikombe kizima kila siku juu ya hayo, mwili uyaweke wapi? Na yale mnayokaangia mpaka yawe meusi, hayo mimi mwenyewe siyali."

"Wewe si ulinunua sambusa zangu mwezi uliopita?"

Daktari akacheka. "Ndiyo. Basi sitarudia."

Tukabadilisha jiko. Kopo nililihamishia chini ya kitanda changu. Asubuhi alikunywa maziwa ya ngamia yasiyo na sukari, yaliyoganda kidogo, kutoka kwa wanawake wanaoyaleta na malori. Mchana maharagwe, soor kidogo ya mtama, yaani ugali wetu, na nyama ya mbuzi ya kuchemsha. Vita vilikuwa kwenye sukuma wiki. Nilizinunua kwa watu wa mashamba ya mto Tana, nikazipika kwa maji na kitunguu.

"Idil, hii ni nini?"

"Mboga."

"Hii ni chakula cha chakula changu. Mbuzi wale hii, mimi nile mbuzi. Hivyo ndivyo Mungu alivyopanga."

"Mbuzi wako wako wapi?"

Akala, huku anatafuna kwa sauti na kusema "mee" kila tonge, mpaka Arbia kule ng'ambo ya ukuta akauliza tumeleta mnyama lini. Arbia naye alijifunza kumpa chai chungu. Alilalamika, lakini alimpa. Wanawake waliokuja kumjulia hali walikuja na sukari na mafuta, kama desturi ilivyo, na kukataa zawadi ya mgonjwa ni kumtukana mtu. Tulipokea, tukashukuru, na habaryar akawaambia waketi kitako wamsimulie habari, hiyo ndiyo dawa. Zawadi zao nilikaangia sambusa. Kuuza hatukuacha, nasi tulihitaji kula. Ila mafuta yakianza kubadilika rangi niliyamwaga, habaryar akiyaangalia kwa uchungu.

Kidonda hakikupona kama miujiza. Kwanza harufu iliondoka. Kisha pembeni pakawa pekundu badala ya peupe. Ukucha ulianguka, kidole kikabaki kimepinda kidogo. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, daktari alibonyeza kila upande, akasema, "Nairobi hamwendi." Sukari yenyewe haikwisha, vidonge bado anameza, na alimkataza kufunga. Hilo lilimwuma habaryar kuliko kidonda.

Mvua iliponyesha tulipanda lori, na abti Sugow akatupokea njia panda ya Modogashe. Amekuja na yule ngamia jike mzee, amemtandika mikeka vizuri, na sufuria zimefungwa ubavuni. Habaryar alikuwa amevaa makubadhi ya tairi niliyomnunulia, mapana, soksi ndani. Alimzunguka yule ngamia, akampapasa shingo, akamsifu. Kisha akashika fimbo akatangulia.

"Walaal! Kambi ni mbali!"

"Basi acha kusimama hapo."

Tulitembea. Kila tulipopumzika nilimvua viatu nikatazama nyayo zake, maana yeye hawezi kuzisikia. Zilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyekuwa na malengelenge. Nilizoea kigoda, nilizoea Galbet, na jua lilipokuwa kichwani nilikuwa nimeachwa nyuma kiasi kwamba abti Sugow alilazimika kusimamisha ngamia anisubiri. Alimpigisha ngamia magoti, akanishika kwapa, akanipandisha kati ya sufuria.

Habaryar Bishara aligeuka kule mbele, akaweka mkono juu ya macho.

"Sugow!" akapaza sauti. "Huyo ajuza uliyembeba ni nani?"

Kisha akaendelea kutembea, akichechemea kidogo.