Nyumba ya Bati ya Mwalimu Asajile

Fundi Hezroni aliteremka ngazi akiwa ametota jasho, akajifuta uso kwa kofia yake, ndipo akataja bei: shilingi mia nne na themanini. Dari ya mbao, na matundu ya kupitishia upepo chini ya paa.

"Fundi wa Itungi alitaja mia tano na kumi," alisema Mwalimu Asajile.

"Basi mimi ni ndugu yako," Hezroni akacheka.

Asajile hakucheka. Nyumba ile ya Mbugani, ya kwanza kuezekwa bati katika mtaa wao, aliijenga kwa akiba yote ya miaka thelathini ya ualimu, wala hakubakiwa na fedha ya fundi. Alimpangisha Eliud, dresa wa zahanati, kwa shilingi kumi na tano kwa mwezi, na siku ya kumkabidhi ufunguo alimwahidi kwamba kasoro yoyote ya nyumba ni juu yake. Sasa ilikuwa Oktoba. Mchana ndani hapakukalika kwa joto la bati, na kichanga wa Eliud alikuwa amejaa vipele, hanyonyi.

"Mwalimu, sikulaumu," Eliud alisema kutoka mlangoni. "Lakini Jumapili nampeleka mke wangu Marta na mtoto Tukuyu kwenye baridi, nami nitaomba uhamisho."

Jioni ile Asajile alikwenda kwa Andongwisye, mtu wa rika lake.

"Ezeka nyasi juu ya hilo bati," Andongwisye alisema. "Rika zima tutakuja, tutamaliza kwa siku moja. Mkeo apike pombe tu, kama ilivyo desturi."

"Unajua kwamba siwezi."

"Nisijue mimi? Si wewe, mzee wa kanisa, uliyenitenga na Meza ya Bwana kwa kibuyu kimoja cha pombe? Basi waite wazee wenzako wakuezekee kwa Zaburi!"

"Nitachinja dume."

"Nyama bila kinywaji? Hapandi mtu juu ya paa lako, Mwalimu."

Njiani Asajile alijikuta akiwaza kwamba pombe ingeweza kupikwa nyumbani kwa shemeji yake, wala asingeulizwa na mtu. Wazo hilo lilimtisha kwa sababu lilikuja kwa wepesi mno.

Asubuhi alimwita Eliud, akamwonyesha nyumba aliyokuwa akiishi mwenyewe: kuta za mianzi na udongo, paa la nyasi nene, ndani baridi hata saa nane mchana.

"Hamieni hapa leo, kwa kodi ileile. Sisi tutakaa kwenye bati."

"Ndaga, Mwalimu. Ndaga fijo," Eliud alishukuru, akakimbia kumwita Marta.

Tulinagwe, mke wa Asajile, alikuwa ameshika chungu, akiyasikia hayo kwa mara ya kwanza. Alisubiri mpaka mgeni alipotoweka.

"Umetimiza ahadi yako kwa dresa, na kanisani hutakuwa na doa," alisema. "Mimi nitakayepika ndani ya moto ule, uliniuliza lini?"

Asajile alinyoosha mkono kukipokea chungu. Tulinagwe aliweka chungu kichwani, akatangulia kuelekea nyumba ya bati bila kumngoja.