Kibodi ya Kujibia Barua ya Posa

Usiku wa kuamkia leo nililala hoi bin taaban, na hata ndotoni sikupata kupumzika. Niliota ni saa nne asubuhi na nimechelewa kuingia darasani.

Darasa ni lile lile langu, la Nne B, hapa Muheza, ila safari hii ndani yake kuna duka. Kwenye madawati wameketi kibodi, watatu watatu, wametulia kama wanangoja mkaguzi. Ninapoingia wanasimama wote na kila kitufe kinasema, "Shikamoo mwalimu."

Nikaitikia, "Marahaba."

Soketi wa ukutani akakohoa. Ndiye mwenye duka. Ana matundu yake matatu, na uso wa mtu aliyepigwa butwaa tangu siku ukuta ulipopakwa rangi.

"Kila kitufe kimekuamkia, mwalimu," alisema. "Kila kitufe kijibiwe."

Basi nikasema marahaba mara elfu nne na kitu. Sikuona ajabu. Nilichowaza ni kwamba sauti imekwisha na hata kengele ya mapumziko haijagongwa.

Niseme kwanza kilichonipeleka huko. Mdogo wangu Saumu ameposwa. Barua ililetwa na mshenga, Mzee Singano, fundi umeme mstaafu, na imechapwa kwa kompyuta, mistari imenyooka, jina la ukoo wetu limewekwa kwa herufi kubwa. Kwetu barua ya posa hujibiwa kwa barua. Ikipita Ijumaa ya tatu bila jibu, waliotuma wanahesabu wamekataliwa, wanaaga kwa adabu na hawarudi tena. Ijumaa ya tatu ndiyo leo.

Wa kujibu ni mimi. Wazazi walifariki Saumu akiwa na miaka sita, nami sikuoa, nikamlea. Nilishasema siwezi kuijibu kwa mwandiko wa mkono barua iliyochapwa, watu wataona tumewadharau. Nikasema tena kwamba kudonoa kwa kidole kimoja kwenye kioo cha kishikwambi si heshima kwa jambo zito namna hii. Inatakiwa kibodi ya kuchomeka pembeni, ya vitufe vya kweli. Wiki tatu nachagua kibodi. Hii ndogo mno, ile ngumu mno, nyingine herufi zimefifia kabla haijatoka kwenye boksi. Kila jioni Saumu ananiuliza, "Kaka, umepata?" Nami namjibu bado.

Kwa hiyo nilipojikuta katika lile duka, nilifurahi kidogo, kadiri mtu aliyechoka anavyoweza kufurahi.

"Natafuta kibodi," nilimwambia Soketi.

"Hapa tunasema baobonye. Kibodi ni jina la mtaani."

"Natafuta baobonye."

"Kibodi wa namna gani?"

Sikutaka ugomvi. Nikamwambia wa kujibia barua ya posa.

Wa kwanza kusimama alikuwa wa mpira, laini, wa kukunjika. "Mimi nakunjwa kama mkeka," alisema. "Tena nabana matumizi ya betri. Ukinyamaza dakika moja, mimi nalala."

"Na ukishalala, unaamshwaje?"

Alikuwa ameshalala. Nilimwonea wivu waziwazi.

Wa pili alikuwa anawakawaka taa za kila rangi. "Mimi sifichi kitu," alisema. "Nibonyeze."

Nikabonyeza T. Paa zima likalia, "TE!" Nje, ng'ambo ya barabara, mama muuza vitumbua akaacha karai lake, akachukua kalamu, akaandika. "Te," akasema. "Halafu?" Nyuma yake wamekwisha kujipanga watu kumi na tano, kila mmoja na daftari lake.

"Huyu hapana," nikamwambia Soketi.

"Anapendwa sana," alisema Soketi. "Mitaa mizima imeposana kwa kumsikiliza huyu."

Wa tatu alisimama taratibu, mweusi, mwembamba, hana waya. "Mimi nashika bila waya, mwisho mita kumi," alisema. "Ndani ya mita kumi huna mwaminifu kama mimi. Ikizidi mita kumi, nakusahau hata jina."

Hapo nikakaa vizuri.

"Hizo mita kumi," niliuliza, "zinamshika na mtu?"

Soketi alifunua karatasi ya masharti, akaisoma mbele na nyuma. "Mtu hajatajwa. Lakini pia hajakatazwa."

Kabla sijasema namchukua, tuko uani kwangu. Ninapima kwa kamba. Kutoka kizingiti cha mlango hadi kwenye bomba la maji ni mita kumi kamili, haizidi hata unyayo. Yule kibodi mweusi amekaa juu ya ndoo anasubiri. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Hemedi, aliyemposa Saumu, ni muuguzi Mpanda, na kutoka hapa hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita elfu moja.

"Mpanda utaifikia?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Ikisogezwa mpaka kwenye bomba, naifikia."

Kamba ilikuwa mkononi. Nikaifunga Mpanda, nikaanza kuvuta.

Ilikuwa nzito, lakini ilikuja. Ilitangulia hospitali, wagonjwa wakiwa madirishani, kisha stesheni, kisha mbuzi, kisha nguo zilizoanikwa za watu nisiowajua. Nilivuta muhula mzima. Likizo ya Juni ilipita nikiwa navuta. Mwanamke mmoja wa Mpanda alitoka jikoni kwake na mwiko.

"Mwalimu, tunapelekwa wapi? Nimeinjika maharage."

"Mnasogea tu kidogo, dada."

"Na moto je?"

"Uje nao."

Saumu alitoka ndani, kanga kiunoni, akasimama kizingitini. Aliitazama kamba, akaitazama Mpanda, ambayo sasa ilikuwa imefika kwenye mgomba wa jirani.

"Kaka, unafanya nini?"

"Naisogeza Mpanda."

"Ili iweje?"

"Ili mita kumi zikushike hata ukiwa huko."

"Wenyewe umewauliza?"

Sikuwa nimewauliza. Mikono ilikuwa imechubuka na mabega yameniishia. Niliiachia kamba, na Mpanda ikarudi zake kwa mwendo wa pole, mbuzi nyuma, maharage yakiendelea kuchemka. Kibodi mweusi akateremka kwenye ndoo. Akaniuliza jina langu nani.

Nilipogeuka kumjibu, tumo sebuleni. Wazee wa upande wa mume wamekaa kwenye mkeka, watano, na chai mbele yao imepoa mpaka imeota utando. Katikati yuko Mzee Singano na koti lake la kazi, lenye bisibisi mfukoni.

"Mwalimu Mbwana," alisema, "tumekaa mpaka tumeota mizizi."

Ilikuwa kweli. Mizizi ilikuwa imetokea kwenye suruali yake, imetoboa mkeka na kuingia kwenye sakafu ya saruji. Mzee wa pembeni yake alikuwa akimwagilia kwa ile chai.

"Niwieni radhi, wazee wangu. Natafuta kibodi."

"Tumesikia. Wiki ya tatu hii."

"Za siku hizi hazina ubora."

"Hilo nalo tumesikia," alisema Mzee Singano, na mzizi mmoja ukazama zaidi.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Aliyeingia ni Futa, kitufe cha kufutia cha kishikwambi changu. Sikumtambua mara moja, maana nimemzoea mdogo, wa pembeni pale, na huyu alikuwa na kitambi cha diwani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti changu akakaa, kiti kikalia.

"Nimeshiba, mwalimu," alisema. "Leo nimekuja kukwambia mwenyewe. Siwezi kumeza tena."

"Si mahali pake hapa," nilimwambia kwa sauti ya chini. "Kuna wageni."

"Wageni ndio wenye haki. Mara kumi na moja umeandika Tumeridhia, mara kumi na moja umenilisha. Kila siku neno hilo hilo. Hata mboga hubadilishwa." Kisha akacheua, na neno likatoka zima, likasikika mpaka jikoni: "Tumeridhia."

Wazee wakatazama vikombe vyao. Mimi nilitamani sakafu inimeze, lakini sakafu ilikuwa imejaa mizizi ya Mzee Singano.

Saumu alikuwa ameegemea mlango. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja nguvu zaidi.

"Kwa hiyo kishikwambi kinaandika," alisema.

"Kinaandika."

"Bila kibodi."

"Bila kibodi," nikakiri. "Ukishalala ndiyo naandika. Halafu nafuta."

"Basi sema hutaki niolewe, kaka. Nitakusikia."

"Nataka uolewe. Hemedi namtaka, hana baya. Sitaki uondoke."

Hata mimi nilikuwa nimechoka kujisikiliza.

Hapo ndipo alipoingia kibodi mmoja niliyekuwa sijamwona. Nadhani alikaa dawati la nyuma kabisa, mahali wanapokaa wale ambao mwalimu hawafikii. Alikuwa na vumbi, wa kijivu, hana kitu cha kutazamwa. Alikuja mpaka miguuni pangu.

"Mimi sina kitufe cha kufuta," alisema. "Kiwandani walisahau. Kinachoandikwa kwangu kinabaki."

Nilimtazama Soketi, ambaye sasa alikuwa kwenye ukuta wa sebule yetu, chini ya kalenda.

"Huyo nani anamnunua?"

"Huyo hatumuuzi," alisema Soketi. "Watu wakimjaribu wanamrudisha siku hiyo hiyo. Wanasema ana matatizo."

Nilimchukua. Msije mkafikiri ni ushujaa. Nilimchukua kwa sababu kukataa nako ni kazi, na mimi nilikuwa sina nguvu ya kazi nyingine. Nikamweka magotini, nikaandika: Tumeridhia kwa moyo mkunjufu binti yetu Saumu aolewe na kijana wenu Hemedi. Vitufe vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyote nilivyojaribu kwa wiki tatu. Nilitaka kuweka nukta nisimame. Vidole havikusimama. Vikaandika: Nikirudi jioni hakuna atakayeniuliza nimekula nini.

Kidole changu kikaruka pembeni kutafuta pa kufutia, kwa mazoea, kikakuta patupu. Nikamtazama Futa kwenye kiti. Alikuwa amelala, anakoroma, mikono juu ya tumbo.

Karatasi ikachomoka chini ya vitufe, ikaenda mkono kwa mkono mpaka kwa Mzee Singano. Kwa desturi jibu la posa husomwa kwa sauti, lote, na yeye si mtu wa kuruka desturi. Alisoma mstari wa kwanza, wazee wakaitikia. Akasoma wa pili. Sauti yake haikubadilika hata kidogo, na mimi nikalia mbele za watu, mtu mzima, mwalimu wa zamu.

Mizizi yake ikaanza kuchomoka mmoja mmoja. Akasimama, akapangusa mchanga magotini.

"Barua imejibiwa," alisema, akavaa viatu.

Nikaamka.

Kumekucha. Uani Saumu anafagia, namsikia. Kishikwambi kiko kifuani pangu, cha moto, na ule ukurasa niliouacha mweupe nilipolala una mstari mmoja katikati. Si ule wa kuridhia. Ni huu: Nikirudi jioni hakuna atakayeniuliza nimekula nini.

Nilijiambia nimeandika usingizini, mtu akichoka hufanya mengi. Nikabonyeza pa kufuta. Mstari haukutoka. Nikabonyeza kwa dole gumba, nikashikilia. Nikaandika pembeni neno "mgomba" kujaribu, nikalifuta, likafutika vizuri bila matata. Nikarudi kwenye mstari, ukakaa pale pale. Nikazima kishikwambi, nikahesabu mpaka hamsini, nikawasha. Upo.

"Saumu!"

"Abee, kaka."

"Njoo uone kitu."

Aliingia na ufagio mkononi. Nikampa. Alisoma amesimama, akasoma tena, na macho yake yakabaki kwenye kioo muda mrefu kuliko urefu wa mstari wenyewe.

"Mzee Singano anakuja saa tatu," alisema mwishowe. "Hii nayo inakwenda kwa wakwe?"

"Haifutiki."

Alijaribu mwenyewe, mara mbili. Akanirudishia.

"Basi anzia juu yake," alisema, akaegemeza ufagio ukutani, akakaa kitandani pembeni yangu.

Nikaanzia juu. Niliandika kwenye kioo, kwa kidole kimoja, nikidonoa herufi moja moja, na yeye akifuata kwa macho. Nilipoweka nukta baada ya jina la Hemedi, aliniuliza leo nitakunywa chai na nini.