Biskuti Nyekundu Hazileti Damu

Naandika haya kwa akina mama wenzangu mnaowapa watoto biskuti nyekundu. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, siyo mtaalamu, lakini haya yalimpata binti yangu Rogathe, na nusura nimzike.

Mwaka 1974 tulishuka kutoka Vudee, milimani, kuja kijiji cha ujamaa huku tambarare, njia ya Makanya. Rogathe alikuwa na miaka miwili. Malaria ilimshika mara tatu mfululizo, akabaki na viganja vyeupe kama vya mtu aliyeshika unga. Mganga wa zahanati, Bwana Novatus, alimfunua kope akasema, "Mama, mtoto huyu amepungukiwa damu. Mpe vidonge hivi, na chakula cha kuongeza damu. Nimwone tena baada ya wiki mbili."

Vidonge vilimtapisha, nikaviacha. Chakula cha damu nilidhani nakijua. Nilipojifungua, mama mkwe alichinja mbuzi akanipikia damu yake pamoja na maziwa. Chekundu huleta chekundu, ndivyo nilivyoshika. Ila mbuzi wetu walibaki milimani.

Dukani kijijini kulikuwa na biskuti nyekundu, pakiti ina picha ya tunda na mtoto mnene anacheka.

"Hizi ni za kiwandani, Mama Rogathe," alisema Kassimu, muuza duka. "Kiwandani hawapiki kwa kubahatisha."

Naanyu, mama wa Kimaasai aliyetuletea maziwa kila asubuhi, alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu chake. "Wewe Mpare, unaacha maziwa yangu unanunua karatasi?"

"Maziwa yako meupe, Naanyu. Mwanangu anataka damu."

"Ahaa! Na ng'ombe wangu anakula majani mabichi, mbona simkamui kijani?"

Watu walicheka, hata mimi. Lakini nilinunua pakiti mbili, na kesho yake nyingine.

Nilizitwanga kwenye kinu nikazipikia uji. Ukatoka mwekundu, unanukia. Rogathe akamaliza bakuli, na tangu augue hakuwahi kumaliza kitu. Basi nikampa asubuhi, mchana na jioni. Siku ya nne akaanza kutema maharage. Makande akayasukuma kwa mkono. Nikasema si kitu, mradi anakula.

Siku ya sita choo chake kikatoka chekundu. Jamani, nilifurahi! Nilimwita jirani yangu Esta aje aone. "Damu imejaa mpaka inamwagika."

Esta hakutazama choo, alimtazama mtoto. "Imejaa wapi, dada? Mbona anapumua kama aliyetoka kupanda mlima Shengena?"

Nikamwangalia vizuri. Alikuwa amekaa tu kivulini, hajakimbia popote, na mbavu zilikuwa zinapanda na kushuka. Midomo haikuwa na rangi. Nilimfunga mgongoni nikachukua na pakiti, nikaenda zahanati mbiombio.

Bwana Novatus hakunigombeza. Alitia biskuti moja kwenye kikombe cha maji, akachovya pamba. Pamba ikawa nyekundu.

"Hii ni damu, mama?"

"Si damu, bwana mganga."

"Ni rangi. Imeingia juu ikatokea chini. Sasa nisomee maandishi madogo hapo nyuma."

Nikasoma polepole: unga wa ngano, sukari, mafuta, chumvi, rangi, harufu ya tunda.

"Tunda lenyewe liko wapi?"

Nikarudia kusoma kutoka mwanzo. Halikuwapo.

"Wametia harufu yake tu," alisema. "Unga nao umekobolewa, ganda na kiini vimetolewa, na huko ndiko kuna sehemu kubwa ya nguvu. Rangi inavuta jicho, sukari inavuta ulimi. Siyo sumu. Akila moja siku ya sikukuu hatadhurika. Lakini wewe umejaza tumbo lake siku sita, chakula kitakaa wapi?"

Nilitaka kumjibu kwamba hata picha ilikuwa na mtoto mnene. Nikaikunja ile pakiti.

Alisema mtoto hawezi tena kusubiri chakula, lazima aongezewe damu siku hiyo hiyo. Baba yake alitukuta hapo, tukapata lori la mkonge hadi hospitali ya Same. Walipima damu ya baba yake ikakataa, wakapima yangu ikafaa. Niliiona ikijaa kwenye chupa, nzito, haifanani hata kidogo na ule uji.

Baada ya wiki mbili tulirudi nyumbani na vidonge vingine, vya kusagwa na kumpa baada ya kula. Nikapika maharage, mchicha na dagaa, nikaviponda pamoja. Rogathe aliangalia bakuli akageuza uso. Alitaka uji mwekundu. Alilia siku mbili, majirani wakaniambia nina roho ngumu, nimpe hata biskuti moja anyamaze.

Nilimwacha alie. Siku ya tatu alikula.