Kupe wa Sebuleni

Mtaa mzima ulimwita Fundi Chomoa, naye hakulikataa jina hilo. Alikuwa ametengeneza majokofu tangu ujana, akajua umeme unavyoliwa kimyakimya. Kifaa chochote kilichozimwa kikabaki na kijitaa chekundu, yeye alikiita kupe: hafanyi kazi, anashiba tu. Basi kila jioni alizunguka na kigoda chake, maana kuinama kulimshinda, akikaa mbele ya kila soketi na kuchomoa. Runinga, redio, hata chaja iliyoning'inia bila simu. Friji tu ndilo lililosamehewa. Wajukuu wakija walimfuata nyuma wakiwahesabu kupe, naye akajiona mfalme.

Aliyemharibia kazi ni mkewe. Kila asubuhi Fundi alikuta runinga imechomekwa tena, kijitaa kinawaka. Akilalamika, mkewe alimtania kwamba kupe huyo amekwisha kuwa mtu wa nyumbani, hafukuziki. Siku moja utani ukamwishia.

"Baba watoto, niachie mmoja tu," alisema. "Huyu wa runinga. Wengine chomoa utakavyo."

Fundi aliona ni ukaidi. Hasira ikampanda, akang'oa waya wote wa runinga, akaufungia kabatini. Mkewe alitazama kando kidogo ya pale Fundi aliposimama, naye Fundi akadhani amenuna.

Alfajiri kukasikika kishindo. Alimkuta mkewe sakafuni, kati ya sebule na jiko, nyonga imevunjika. Alikuwa amejikwaa kwenye kigoda, palepale Fundi alipokiacha jana yake. Hospitalini homa ya mapafu ikamdaka, na hakurudi tena nyumbani.

Baada ya mazishi, binti yao alibaki kusafisha nyumba. Ndiye aliyemweleza baba yake kwamba macho ya mama yalikuwa yakififia tangu mwaka uliopita. Gizani hakuona kitu ila kile kijitaa cha runinga. Akikiweka upande wa mkono wake wa kushoto, alijua mlango wa jiko uko mbele yake. Taa kubwa hakuiwasha, asije akamwamsha mumewe.

"Mbona hakuniambia?" Fundi aliuliza.

"Aliogopa utamkataza jiko, baba. Alisema chai yako ya asubuhi ataipika mwenyewe mpaka mwisho."

Fundi alilia mbele ya mwanawe bila kujificha. Alipotulia alifungua kabati, akatoa waya, akachomeka runinga. Akachomeka redio, akachomeka na chaja. Ulikuwa mchana wa jua kali, vijitaa havikuonekana vizuri. Kigoda kilikuwa bado kimelala ubavu katikati ya sebule, hakuna aliyethubutu kukigusa. Akakiinua, akakisogeza mpaka ukutani, na njia ya kwenda jikoni ikawa wazi.