Matanga Bila Mkeka

Jumatatu, tarehe 10 Machi 1975. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, na upepo mwepesi ulitoka upande wa Lindi mjini. Mjukuu wangu Maftaha, wa miaka miwili, alifariki adhana ya alfajiri ikiwa bado inasikika. Alikuwa mtoto wa saba kufa kwa surua katika kijiji chetu kipya, kwenye njia ya Milola.

Watoto wenye afya waliugua wakapona. Waliokufa ni wale walioachwa dhaifu na njaa ya mwaka uliopita, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi kama ndevu za hindi. Petro, mganga wa zahanati, alikuwa ametueleza katika darasa la jioni la kisomo cha watu wazima: "Surua ni ile ile. Mwili ulioishiwa nguvu hauna cha kupigana nayo. Mtoto dhaifu asipelekwe penye mgonjwa." Niliyaandika maneno hayo daftarini, herufi moja moja.

Siku tatu baada ya darasa hilo, jirani yangu Adija alifiwa na binti yake mdogo kwa surua. Nikamfunga Maftaha mgongoni, nikaenda matangani. Kule tulikotoka kabla ya kuhamishwa, kila nyumba ilikuwa peke yake katikati ya mikorosho yake. Hapa mlango unatazama mlango, na asiyekwenda anaonekana. Tulikaa siku tatu katika chumba kile kile, wanawake na watoto wetu, na wengine walikuwa wakikohoa. Siku ya kumi na mbili baada ya kwenda kule, Maftaha alianza homa.

Wanaume walimzika kabla ya adhuhuri. Niliswali, nikamwomba Mungu anipe ulimi. Mkeka sikuutandika. Wanawake walipokuja na kanga vichwani na watoto migongoni, nilisimama mlangoni.

Adija alikuwa mbele. Mgongoni alikuwa amembeba mjukuu wake Huseni, shingo yake nyembamba kama mkono wangu.

"Poleni, shoga. Mbona hujatandika?"

"Adija, usiingie na Huseni."

Alidhani hakusikia vizuri. Nikarudia, nikawaambia wote: "Mwenye mtoto mgongoni asiingie humu. Nawaombeni."

"Makubwa!" alisema mmoja nyuma. "Ndiyo masomo ya jioni hayo. Amejua a, e, i, sasa anafukuza watu msibani."

"Na akifa yeye, nani atamwosha? Daftari?" alidakia mwingine.

Wengine walicheka. Adija hakucheka.

"Nilipofiwa ulikaa nami siku tatu, Kazija. Ulilia na mimi. Leo nimekuwa mchafu?"

"Si wewe, shoga." Nilikuwa sijayasema haya kwa mtu yeyote, hata kwa mwanangu, mama wa Maftaha, aliyekuwa amelala ndani. "Petro alitukataza, na nikaandika kwa mkono wangu. Kisha nikampeleka Maftaha kwako, kwa mbeleko hii. Amri ni ya Mungu, lakini mgongo uliompeleka ni wangu. Sitaki Huseni afuate."

Adija alipeleka mkono nyuma, akagusa mguu wa Huseni, akaushika. Kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua, akavuka njia, akakaa kwenye udongo uliolowa. Wenye watoto walimfuata mmoja mmoja.

Bibi Mwanaasha, mkubwa kuliko sisi sote, alibaki mlangoni na fimbo yake.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba. Mimi surua niliugua wakati wa Mjerumani, na haimpati mtu mara mbili; na mgongoni sina mtu. Nipishe nikalie na mwenye msiba."

Nikampisha. Aliingia akakaa chini karibu na mwanangu, akamlaza kichwa pajani pake. Ndipo nilipomsikia mwanangu akilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu alfajiri.

Manyunyu yalianza tena. Adija alisimama upande wa pili wa njia, akaita ili kila mtu asikie:

"Kazija! Leo siingii. Na nyinyi nyote muwe mashahidi: mpaka surua itoke kijijini, Huseni simpeleki matangani kwa mtu yeyote, hata mkinisema. Ikishatoka, inshallah, nitakuja na mkeka wangu, nitautandika kwa mkono wangu humo ndani, na nitamlilia Maftaha siku tatu kamili."