Mdogo Wangu Karushwa Darasa

Siku Fenna aliporushwa darasa na kuletwa darasani kwetu, mama alipika chapati za maji za tufaha kumpongeza. Mimi nilipopata cheti cha kuogelea na nguo zote mwilini, mtihani mgumu wa huku kwetu, nilipewa aiskrimu moja, tena nikaambiwa nimwonjeshe Fenna. Nasema wazi, nilimwonea wivu hadi chakula hakikushuka.

Darasani mambo yakazidi. Mwalimu Aukje alimhamisha Roelien, rafiki yangu tangu chekechea, akampeleka kule dirishani. "Fenna akae na dada yake," alisema, "asijione mgeni." Mimi hakuniuliza. Kufika mapumziko, Roelien alikuwa anacheka na Marijn, mvulana nisiyemweza kwa mdomo.

"Sietske!" Marijn akaniita. "Mdogo wako ameshakufundisha kuvaa soksi?"

"Kamasi zinakutoka, jifute kwanza," nikamjibu, lakini wote walikuwa wamekwisha kucheka.

Fenna alimaliza hesabu kabla sijafungua kalamu. Alinyoosha mkono kila swali. Jioni tukirudi kwa baiskeli nilimgeukia.

"Unajifanya nani wewe? Si urudi kwa watoto wenzako!"

Alibaki nyuma yangu hadi nyumbani, na tangu siku hiyo hakunyoosha mkono tena.

Ukaja mtihani wa hesabu za sehemu. Baada ya masomo mwalimu alimwita mama, nasi tukakaa pembeni.

"Nadhani tulikosea," mwalimu alisema. "Darasa limemlemea. Jumatatu arudi darasa la chini."

Mama alishika kichwa. Kule chini Fenna alikuwa akiamka analia tumbo kila asubuhi, kwa kufundishwa mambo aliyoyajua kabla hajang'oka meno. Lakini Fenna mwenyewe alitikisa kichwa kukubali. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nafasi ya Roelien kurudi kando yangu hiyo!

Karatasi zetu zilikuwa mezani, yake kando ya yangu. Nikachungulia. Kila swali nililokosa, naye amelikosa, ila kwa jibu tofauti, asije akaambiwa ameniibia. Halafu ameongeza kosa moja, kwenye hesabu aliyonielekeza yeye mwenyewe jana yake tukiosha vyombo.

Hasira zikanipanda. Kumbe hata kufeli amefeli kwa kupima! Amehakikisha yuko chini yangu kidogo tu. Mtoto huyu ananionea huruma, mimi!

"Mwongo huyu," nikasema. "Anayajua yote."

"Sietske, wivu tena?" mama akafoka.

"Ndiyo, wivu. Mpeni swali jingine muone."

"Dada, acha bwana," Fenna akaninong'oneza. "Mimi nataka kurudi."

"Kwa nini, Fenna?" mwalimu akamuuliza.

Akatazama viatu vyake. "Hapa dada ananichukia."

Mama akanitazama, mwalimu akanitazama. Nilitamani kukataa, lakini uongo wenyewe haukuja. Mwalimu akaandika ubaoni swali refu la darasa la mbele yetu, akampa Fenna kalamu ya ubao. Fenna akasimama nayo mkononi, hatazami ubao, ananitazama mimi.

"Andika, mjinga wewe!" nikamwambia. "Andika lote!"

Akageuka, akaandika mstari baada ya mstari bila kufuta hata mara moja, na wivu ukaniuma kuliko siku zote.