Parvati kwa Mguu Mmoja

Siri ya kazi yangu niitoe mapema: hadithi siichagui mimi, inachaguliwa na mkao wa yoga tunaoufanya wiki hiyo. Wiki ya mikao ya shujaa namleta Durga na mikono yake kumi. Wiki ya mkao wa mti, ule wa kusimama kwa mguu mmoja na wayo wa pili umebanwa pajani, namwita Parvati. Wanafunzi wangu, wanawake kumi na wawili katika ukumbi ulio juu ya duka la matairi, wanawapenda hao miungu wa kike wa Kihindu kuliko wanavyopenda mazoezi. Wananiita Mwalimu Pumzi, na mimi nikajiona mwalimu kweli.

Jumanne ile ilikuwa zamu ya mti. Nikawasimulia jinsi Parvati alivyompenda mungu Shiva, na Shiva kafumba macho mlimani, hana habari naye. Mtoto wa watu akasimama kwa mguu mmoja, jua lake, mvua yake. Akala majani makavu, mwisho hata majani akayaacha, mpaka Shiva akafumbua macho.

"Mvumilivu hula mbivu, wapenzi wangu," nikasema kwa ile sauti yangu ya asali. "Usiweke mguu chini."

Nilimaanisha mguu. Haki ya Mungu, nilimaanisha mguu tu.

Mdogo wangu alikuwa kwenye mkeka wa mwisho, karibu na dirisha, amevaa fulana ya mikono mirefu katika joto lile. Alikuwa na siku tisa tangu amkimbie mumewe, analala sebuleni kwa rafiki yake wa kazini. Mimi nina chumba cha wageni. Aliponiomba, nilimwambia ngoja niongee na shemeji yako, na kuongea kwenyewe sikuongea. Nilijua mume wangu angenuna, na mimi kununiwa sikuwezi. Nikampa mkeka badala ya kitanda, nikaona nimesaidia.

Alisimama muda mrefu kuliko wote. Wenzake waliyumba, wakacheka, wakashikana mabega. Yeye machozi yalimchuruzika na mguu haukutikisika. Nikamsifu mbele ya darasa zima.

Alhamisi asubuhi rafiki yake akanipigia simu. "Dada, mdogo wako kafungasha toka jana, karudi kwa mumewe. Anasema darasa lako limemfungua macho."

Nilitoka vile vile na ndala za ndani, nikapanda ngazi za jengo analokaa mdogo wangu na mumewe hadi ghorofa ya tatu bila kupumzika. Alifungua mlango nusu, akasimama pale pale kwenye uwazi. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba mpaka jicho limekuwa dogo.

"Chukua begi, twende," nikasema.

"Twende wapi, dada? Si wewe uliyesema nisiweke mguu chini?"

"Ile ni hadithi ya mkao! Mkao wa mti! Ungesubiri wiki moja tu ningekusimulia Durga." Na mwehu mimi nikaanza, hapo hapo mlangoni: zimwi lenye umbo la nyati, miungu wote limewashinda, Durga huyo anapanda simba kwenda kulikabili...

"Alienda mikono mitupu?" akanikatiza.

"Hapana. Kila mungu alimpa silaha yake. Huyu mkuki, huyu upinde, huyu..."

"Kumbe alipewa," akasema. Hakusema kwa ukali. Afadhali angenitukana.

"Kwangu kuna chumba, mdogo wangu."

"Kilikuwepo na wiki iliyopita." Akanishika kiganja, akakiminya kidogo, akakiachia. "Nenda, dada. Yuko njiani. Akikukuta hapa, atakayejibu ni mimi."

Akafunga mlango taratibu, nikasikia komeo likiingia.

Nilishuka nikipanga maneno ya kumwambia mumewe. Maneno sikukosa, nayo ndiyo kazi yangu. Nitamwambia nakufikisha polisi leo leo. Nitamwambia mkono huo utaoza. Nitapiga kelele mpaka majirani wote watoke wamwone. Kabla sijafika ghorofa ya pili tukakutana uso kwa uso. Amenyoa vizuri, amebeba mkate na maziwa. Akajibana ukutani ili nipite, akainamisha kichwa kama kijana aliyelelewa akaleleka.

"Shikamoo, shemeji."

Ngazi zile zina mwangwi. Nilijua mdogo wangu yuko nyuma ya mlango, ametega sikio, anasubiri kusikia nitasema nini.

"Marahaba," nikaitikia. "Hamjambo?"